Mdogo Wangu Aliyelegeza Nyuzi

Ndugu waombolezaji, majirani, na nyinyi wanamuziki wenzangu mliosimama kule nyuma kana kwamba mnasubiri zamu ya jukwaani, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya mdogo wangu, na karatasi ninayo hapa, imeandikwa na binti yake mkubwa ambaye ni mwalimu, kurasa mbili, hakuna kosa hata la nukta. Nitaisoma kama ilivyo, isipokuwa sentensi moja ambayo si kweli, na nikifika hapo nitaiweka karatasi chini niseme mwenyewe. Jana jioni nilimwomba ruhusa shemeji yangu, mjane wa marehemu, akanijibu kwamba niseme tu, ila nisijipendelee kama nilivyozoea.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1958, saa tatu asubuhi, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa baba yetu aliyekuwa karani wa stoo, na mama yetu aliyekuwa akishona mashuka ya hospitali. Mimi nilikuwa na miaka mitano, na nakumbuka nilinuna siku ile kwa sababu cherehani ilisimama na nilizoea kucheza chini yake. Jina lake limeandikwa pale kwenye msalaba, lakini hakuna kati yenu aliyelitumia, kwa maana tangu akiwa na miaka minne majirani walimwita Kimya, mtoto aliyeweza kukaa na wageni saa nzima, na mgeni akaondoka akiuliza mbona yule mdogo hajamwona. Mimi waliniita Kengele, na sina haja ya kueleza, mnanisikia hata bila kipaza sauti.

Alianza shule ya msingi mwezi Januari 1966, ile iliyokuwa nyuma ya karakana ya mabehewa, akamaliza darasa la saba mwaka 1972, akiwa wa tano katika hesabu na wa mwisho katika kusoma kwa sauti, kwa sababu alikataa kabisa kusoma kwa sauti. Mwezi Aprili 1973 baba alimpeleka kujifunza useremala kwa fundi mmoja wa samani, akakaa pale miaka mitano, na huko ndiko alikopata mikono ile mliyoijua, maana alianza kuunga shingo za magitaa yaliyovunjika, kisha akatengeneza la kwake mwenyewe kwa mbao za kabati lililoungua. Gitaa lile lilikuwa baya kwa sura, lakini ukilipiga ulikuwa huna neno.

Tarehe 2 Juni 1978 alijiunga na bendi yetu, ambamo mimi nilikuwa nimeshaimba kwa miaka minne na nimeshaota mapembe, akashika gitaa la ridhimu, lile linalosindikiza mengine, ambalo mcheza dansi halisikii mpaka siku likikosekana. Wakati ule mji huu ulikuwa na kumbi tisa za muziki wa jukwaani, nazihesabu kwa vidole, na sisi tulikuwa wenyeji wa ule ulioitwa Kwa Ngazi, juu ya duka la vipuri, ngazi arobaini na tatu, na kila spika ilipanda mgongoni mwa mtu. Katikati ya ukumbi palikuwa na nguzo ya zege, wapenzi waliokosana walichezea upande huu na upande ule wa nguzo ili wasionane, na meneja alikuwa akijigamba kwamba nguzo ile imevunja ndoa chache kuliko ilizookoa. Leo pale panauzwa vigae, nguzo wameipaka rangi ya kijani na kuitundikia bei.

Niwaeleze namna alivyofanya kazi, kwa kuwa bila hilo hamtaelewa ninachotaka kusema. Marehemu alifika ukumbini saa mbili kabla ya mtu yeyote, akafuta vumbi, akakaa kwenye kreti upande wa kushoto wa jukwaa, akafunga nyuzi zake moja moja, akikaza na kulegeza mpaka aridhike, na sisi wengine tulipofika tulichukua sauti kwake. Mpiga solo alichukua sauti kwake, Mzee wa Besi alichukua sauti kwake, hakuna aliyeleta sauti yake kutoka nyumbani. Alipokuwa amefunga yeye ndipo tulipoimbia sote, na kwa miaka thelathini na nne sikuwahi kumuuliza amefunga wapi, kama vile usivyomuuliza mama chumvi ametia lini.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1985, siku ya Ijumaa, katika ofisi ya msajili, saa nne asubuhi, kwa sababu saa nane tulikuwa na mazoezi na mimi nilikataa kuyaahirisha. Bibi harusi, ambaye alikuwa mpokea simu wa kampuni ya mizigo, alikuja mazoezini na gauni lake, akakaa kwenye benchi, akatusikiliza tukirudia wimbo mmoja mara kumi na nne, na tangu siku ile shemeji hajaupenda wimbo ule, wala hajanipenda mimi sana, na ana haki. Mungu aliwajalia watoto watatu, binti wa kwanza tarehe 3 Februari 1987, mwana wa pili tarehe 18 Julai 1990, na binti wa mwisho tarehe 30 Novemba 1995, ambaye ndiye pekee aliyerithi gitaa, na ndiye pekee mkimya.

Sasa nimefika pale. Karatasi inasema, nami nanukuu, kwamba mnamo Oktoba 2012 marehemu alistaafu muziki kwa hiari yake. Mwanangu, umeandika kwa heshima, na najua umenisitiri mimi baba yako mkubwa, lakini baba yako hakustaafu. Mimi nilimfukuza.

Wengi wenu mnaujua wimbo wetu wa mwaka 1984, ule wa mke anayemngoja mumewe stesheni na treni zinapita bila kusimama, na mnajua kibwagizo chake kinapanda mara tatu, mara ya tatu ndipo watu walipokuwa wakiacha kucheza ili wasikilize kama Kengele atafika. Nilifika, nilifika kila wiki, mwaka hadi mwaka, na kadiri waimbaji wa rika langu walivyoanza kuteremsha nyimbo zao ili wasiumbuke, ndivyo nilivyozidi kuwacheka hadharani, nikiwa na kipaza sauti mkononi. Nilikuwa nikiwaonyesha watu mkono wa mdogo wangu kwenye shingo ya gitaa, nikisema tazameni anaposhika, ni palepale tangu mwaka themanini na nne, hatujateremsha hata nukta. Mkono ulikuwa palepale kweli. Nyani haoni kundule, na mimi nilikuwa nyani mwenye kipaza sauti.

Tarehe 14 Oktoba 2012, Jumapili, saa kumi alasiri, tulikuwa na onyesho la wazi kwenye uwanja wa kiwanda cha zamani cha soda, watu kama mia sita, familia na watoto wao. Mpiga saksafoni wetu, aliyetuacha mwaka 1996 akaenda kupiga muziki melini, alikuwa amerudi likizo, nami kwa kutaka kuwafurahisha watu nilimwita jukwaani ghafla, nikasema tunapiga ule wa stesheni. Alipuliza utangulizi kama alivyoukumbuka, bendi ikaingia, na ndugu zangu, sijawahi kusikia kitu kibaya namna ile maishani, ilikuwa kama nyumba mbili zinagombana kila moja na lugha yake. Watu walipiga miluzi. Saksafoni hailegezwi wala haikazwi kiasi hicho, kwa hiyo kosa lilikuwa kwenye magitaa, na magitaa yote yalichukua sauti kwa mtu mmoja.

Nilimgeukia. Alinitazama kwa muda mrefu, nami nikayasoma macho yale kuwa ni ya mtu aliyekamatwa. Nikasema kwenye kipaza sauti, mbele ya watu mia sita, mbele ya mke wake na watoto wake, kwamba nyinyi mnadhani adui yuko mbali, kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Watu wakacheka. Yeye akainama, akazikaza nyuzi zote sita palepale kufuata saksafoni, mpiga solo na Mzee wa Besi wakamfuata, tukaanza upya, na safari hii ilikuwa safi, tamu, kila kitu mahali pake, isipokuwa mimi. Kibwagizo kilipopanda mara ya pili nilihisi koo limeshikwa, na cha tatu hakikutoka, ilitoka sauti ya mlango mbovu, watoto wa mbele wakaanza kuniigiza.

Sasa angalieni kichwa cha mtu mwenye majivuno kinavyofikiri. Mimi niliamini kwamba mdogo wangu amenipandishia wimbo makusudi. Nilisahau kwamba muda mfupi tu uliopita nilimshtaki kwa zile nyuzi alizozifunga kwanza, sasa nikaamini hizo ndizo sahihi, zile za miaka yote, na kwamba palepale jukwaani, kwa hasira ya kuambiwa maneno yale, alizikaza kupita kiasi ili aniue mbele za watu. Haikunipitikia kabisa kwamba mambo ni kinyume. Siku ya Jumatano, tarehe 17 Oktoba, nilimkabidhi barua ya kufukuzwa, kwenye ngazi za Kwa Ngazi, mbele ya wenzake. Aliisoma yote, akaikunja, akaniambia ninywe maji ya uvuguvugu na nisiongee siku tatu koo lipone, kisha akashuka na gitaa lake. Hayo ndiyo aliyojitetea nayo.

Na mimi sikunyamaza siku tatu, hata siku moja. Nilizunguka mji huu, kumbi zote zilizokuwa zimebaki, nikisema Kimya masikio yamekwisha, mara Kimya ana kijicho, mara Kimya amenihujumu, na kwa kuwa mdomo wangu ni mkubwa na wake haukuwepo, maneno yangu ndiyo yaliyosimama. Hakuna bendi iliyomchukua tena. Mtu aliyefunga nyuzi za bendi nzima miaka thelathini na nne alianza kutengeneza magitaa ya watu barazani kwake, nyuma ya stendi ya malori, na wateja wengine walikuwa wakimletea kwa utani, wakimwambia ajihadhari asiwafungie kama alivyomfungia kaka yake.

Tulimchukua mpiga gitaa mwingine, mtu mzima, mwenye vyeti na kifaa kidogo cha kupimia sauti, anafunga nyuzi kwa kutazama mshale. Nikashindwa kuimba. Si ule wa stesheni tu, nyimbo zote, kila moja ilikuwa imepanda juu kunizidi, nikaenda kwa daktari wa koo, akanichungulia na taa, akasema koo ni zima, ni la mzee. Nilibadilisha daktari. Bendi ikafa tarehe 8 Juni 2013, bila hata onyesho la kuaga.

Ukweli niliupata mwezi Agosti 2016, kwa kinyozi, nikiwa nimenyolewa nusu ya kichwa. Mzee wa Besi alikuwa kiti cha jirani, nami nikaanza wimbo wangu wa siku zote, kwamba Kimya alinimaliza, na yeye akacheka mpaka akakohoa, akamwambia kinyozi asimamishe mashine. Akanieleza kwamba tangu mwaka 2003 mdogo wangu alikuwa amelegeza nyuzi zake nusu sauti, na mwaka 2008, aliponiona nashika nguzo ya jukwaa kila kibwagizo kinapopanda, akalegeza nusu nyingine. Bendi nzima walichukua sauti kwake, kwa hiyo bendi nzima ilishuka pamoja naye. Mkono wake ulishika palepale, ndiyo, lakini nyuzi zilikuwa chini. Mzee wa Besi na mpiga solo walijua, aliwaapisha, akawaambia kwamba kaka akijua ameshuka ataacha kuimba, na akiacha kuimba hatajua la kufanya na siku zake. Hata yale macho ya jukwaani, siku ya saksafoni, hayakuwa ya mtu aliyekamatwa, alikuwa akiniuliza tufanyeje, maana kunieleza pale ilikuwa ni kunivua nguo mbele ya watu mia sita. Akachagua kuvuliwa yeye. Nilitoka kwa kinyozi na nusu ya nywele.

Mtu mwenye utu angekwenda moja kwa moja barazani kwake. Mimi nilikaa miaka mitano na miezi saba. Nilipita ile njia ya stendi, nikisikia mtu anafunga nyuzi nilijua ni yeye, nikazungukia sokoni. Si kwamba sikumpenda, nilimpenda kuliko ninavyoweza kusema hapa, ila niliona aibu, na kila mwaka ulioongezeka aibu nayo iliota tawi. Wiki hii shemeji ameniambia jambo lililoniondolea usingizi, kwamba marehemu alijua. Mzee wa Besi hana siri ya zaidi ya siku mbili, alimpelekea habari za kwa kinyozi kesho yake, na marehemu alisema tu kwamba Kengele ana haya, mwacheni, atakuja.

Marehemu alianza kuumwa tumbo na mgongo mwezi Januari 2022, akadhani ni kuinama barazani, na tarehe 11 Machi madaktari wa hospitali kuu waligundua kansa ya kongosho, ikiwa imeshakwenda mbali. Nilifika wodini kwa mara ya kwanza tarehe 19 Machi, nikiwa nimejiandalia maneno njia nzima kama mtoto wa shule, nikamkuta amekonda, akanisogezea kiti, akaanza kunieleza habari za kitanda chake kinavyolia upande mmoja na kwamba kingekuwa chake angekwisha kukitengeneza. Nikacheka, maneno yakanikimbia. Nilikwenda siku kumi na saba, nimezihesabu, na siku kumi na saba zote tuliongea habari za vitanda, mvua, wajukuu na bei ya nyuzi. Tarehe 26 Mei niliazimia, nikamshika mkono, nikasema mdogo wangu, kuhusu zile nyuzi, na palepale ikalia kengele ya kuwatoa wageni. Akatabasamu, akaniambia niende, kengele mwenzangu ananiita. Nikasema basi kesho. Tarehe 27 Mei 2022, saa mbili asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu, akafariki dunia, mke wake akiwa amemshika miguu, na mimi nikiwa nyumbani napiga pasi shati la kwenda kumwambia.

Ameacha mjane mmoja, watoto watatu, wajukuu watano, na kaka mmoja asiye na faida.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba sita, hasa muuguzi yule wa zamu ya asubuhi aliyekuwa akimruhusu apige gitaa taratibu chini ya shuka, nawashukuru majirani wa nyuma ya stendi mliochota maji na kupika tangu siku ya kwanza, madereva wa malori mliotoa turubai hili linalotukinga jua, na wateja wake, ambao mmekuja na magitaa yenu hata yale ambayo hajayamaliza. Wanamuziki wenzangu, nyinyi mlionyamaza miaka yote ile, sijui niwashukuru au niwafokee, nitaamua baadaye. Lakini nina ombi kwenu. Maneno niliyoyatembeza katika kumbi za mji huu mliyapokea kwangu na mkayabeba, basi leo yabebeni tena myarudishe, popote mlipoyaacha, mkiwaambia watu kwamba mwenyewe ameyakana.

Na ile sentensi ya kwenye karatasi, mwalimu, naomba uifute, isomeke kwamba mnamo Oktoba 2012 marehemu alifukuzwa kazi bila kosa na kaka yake, ambaye alikuwa akiimba kwa hisani yake kwa miaka tisa bila kujua.

Tukitoka hapa kumsindikiza, wenzake watapiga ule wa stesheni, na nitauimba mimi. Asubuhi binti yake mdogo alikaa kwenye kiti na gitaa la baba yake, akaniuliza kwa upole, bila kuniangalia usoni, afunge wapi. Nilimwambia afunge chini, sauti nzima chini, na kama nitashindwa hapo, aendelee kulegeza.

Pumzika, Kimya. Lala kwa amani, mdogo wangu, nyuzi zako zilikuwa sawa.